Juu ya nini babu hana macho? Historia ya namba 576, 352 na 1150

Mnanijua kama mtu wa udongo na mihogo, na mara nyingi nikiandika hapa ni juu ya mashamba. Leo niruhusuni nitoke shambani kidogo. Kuna namba tatu ambazo kila mtu anayehamisha kasete za zamani kwenye ordinateri anakutana nazo. Nataka niwaelezee zilitoka wapi, na namna mimi, kwa kutozielewa, nilipoteza uso wa babu yangu.

Babu alikuwa mwalimu wa sekondari huku Kivu. Wakati wa Conférence Nationale Souveraine alikuwa kati ya wale waliotumwa Kinshasa kwa jina la société civile. Wengi wetu hapa tulizaliwa nyuma ya ile konferansi, kwa hiyo nikumbushe kidogo. Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Konferansi ilifunguliwa Kinshasa tarehe 7 Agosti 1991. Mwezi uliofuata wanajeshi walipora mji. Mwezi wa Januari 1992 serikali ilisimamisha kazi ya konferansi, na tarehe 16 Februari wakristo waliingia barabarani kudai ifunguliwe tena. Wengi waliuawa siku hiyo. Ilirudi kazini mwezi wa Aprili chini ya Monsinyori Monsengwo, na mwezi wa Agosti wajumbe walimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Ilifungwa tarehe 6 Desemba 1992. Vikao vyake vilipita kwenye redio na televizyo, na watu walikaa mbele ya tele jirani kwa jirani, kama siku ya mpira.

Kati ya wale waliokaa mbele ya tele alikuwemo baba mukubwa, mtoto wa kwanza wa babu. Alikuwa anafanya kazi Kinshasa, na alikuwa na manyetoskopi, ile mashine ya kusoma na kurekodi kasete za VHS. Wakati wa uporaji wa 1991 aliificha ndani ya gunia la makala. Agosti 1992 akaweka kasete mpya ndani, akabonyeza kitufe chekundu, akarekodi saa tatu. Ndani ya zile saa tatu kuna sekunde kama nne ambapo kamera inapita juu ya safu moja ya wajumbe. Wote wamesimama, wanapiga mikono. Wa tatu kutoka kushoto ni babu.

Zile sekunde nne ndizo zilibaki. Oktoba 1996, vita ilipofika Bukavu, familia ilikimbia bila albamu ya picha. Babu alifariki mwaka uliofuata, mbali na nyumbani. Mimi sikumjua.

*

Mwaka 2017 nilikuwa mwanafunzi wakati baba mukubwa alirudi Bukavu na sanduku la kasete. Manyetoskopi bado ilitembea. Tuliangalia ile kasete yote pamoja kwenye tele ya sebuleni, na mimi mwenyewe niliona: babu alikuwa na miwani ya fremu nyeusi, na macho yake yalitazama pembeni, kama mtu anayetafuta mwenzake. Baba mukubwa aliniambia: "Mutoto wangu, hii kasete ilikuwa ya bei. Nilirekodi yote kwa SP, sikutaka LP, juu nilijua ile siku haitarudia."

Wakati ule sikuelewa anaongea nini. Baadaye nilijifunza. Manyetoskopi nyingi zilikuwa na mwendo wa aina mbili. Kwa SP, kasete ya E-180 inachukua saa tatu. Kwa LP inachukua saa sita, kwa sababu utepe unatembea polepole mara mbili, lakini picha inaharibika. Katika mwaka ambao pesa ya Zaire ilikuwa inapoteza nguvu kila juma, yeye alikubali kula kasete mara mbili zaidi ili picha iwe nzuri. Yaani mzee alikutana na lile swali letu la leo, ubora au nafasi, akalijibu vizuri.

Mimi nililijibu vibaya. Nilipata kile kifaa kidogo cha USB cha kuingiza picha ya tele kwenye ordinateri. Mara ya kwanza picha ilitoka nyeusi na nyeupe. Nilihangaika siku mbili mpaka nikaona katika menyu kwamba nimechagua PAL na si SECAM. Rangi ikarudi, nikajiona fundi. Kisha programu ikaniuliza: unataka rezolusyo gani, na debi gani? Kulikuwa na orodha ndefu. Mimi nilikuwa na ordinateri yenye diski iliyojaa, na flashi ya giga nane yenye kazi zangu za chuo. Nikaona jina ninalolijua: VCD. Nani kati yetu hakukua na VCD? Picha 352 kwa 288, debi ya kilobiti 1150 kwa sekunde. Saa tatu ziliingia chini ya giga mbili. Nikafurahi. Nikawaambia nyumbani: "Imeisha, iko ndani ya ordinateri. Hamna shida tena."

Kwa sababu ya hilo neno langu, hakuna aliyechunga kasete tena. Watoto wa jirani waliivuta utepe wakafanya kamba za kucheza. Hakuna aliyewakataza, maana mimi msomi nilikuwa nimesema imeisha.

Mwaka 2019 shangazi, binti wa babu, alikuja kutoka Uvira. Nikamwekea zile sekunde nne. Alisogea karibu na kioo, akarudia mara tatu, kisha akasema: "Ule ndjo baba. Ile namna ya kupiga mikono ni yake. Lakini juu ya nini hana macho?"

Nilitazama vizuri. Kweli, palipokuwa na miwani kulikuwa na kivuli cha mraba, na mashavu yamekuwa kama matofali. Sikuwa na jibu. Kulitafuta kulinipeleka mbali, mpaka kwenye historia ambayo sikujua kama inanihusu.

*

Tuanze na 576. Televizyo ya zamani haikujua pikseli. Ilijua mistari: mwale ndani ya kioo unachora mstari mmoja, unashuka, unachora mwingine. Baada ya vita ya pili ya dunia, nchi nyingi za Ulaya zilikubaliana juu ya mistari 625 kwa picha na picha 25 kwa sekunde. Hiyo 25 haikutoka hewani: umeme wa Ulaya unatikisika mara 50 kwa sekunde, na televizyo ilifuata mwendo wa umeme. Wetu pia ni wa mara 50. Katika ile mistari 625, karibu 50 haionekani. Ni muda wa mwale kurudi juu. Inayobeba picha, kwa hesabu ya dijitali, ni 576.

Shikeni vizuri jambo hili, kwa maana ndipo nilipoangukia: ile mistari 576 haichorwi kwa mara moja. Kwanza inachorwa mistari ya namba witiri, 288. Kisha inachorwa ya namba shufwa, 288 nyingine. Kwa hiyo kila sekunde kuna nusu-picha 50, na kila moja imepigwa wakati wake. Jicho ndilo linaziunganisha.

Rangi ilikuja baadaye, na siasa ikaja nayo. Mfaransa Henri de France alibuni SECAM mwaka 1956. Wajerumani, pamoja na Walter Bruch wa Telefunken, walileta PAL. Mwaka 1967 Ufaransa na Muungano wa Sovieti walianza rangi kwa SECAM, Ujerumani ya Magharibi kwa PAL. Ubelgiji, waliokuwa watawala wetu, walichagua PAL. Na sisi? Televizyo yetu ilianza Kinshasa mwaka 1966, na ilipofika kwenye rangi, Zaire ilienda na SECAM kama nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Ni kwa sababu hiyo kifaa changu kilinipa picha isiyo na rangi. Uamuzi wa wakubwa wa zamani ulikuwa bado umekaa ndani ya kasete, unanisubiri na menyu yangu.

*

Sasa namba 720, maana bila yenyewe hamtaelewa 352. Mistari inahesabika, lakini ndani ya mstari mmoja hakuna vipande. Ni wimbi la umeme linalopanda na kushuka. Ili ordinateri ilielewe, lazima tulipime mara nyingi. Mara ngapi? Hapa watu wa agronomia tuko kwetu. Ukichukua sampuli za udongo kila mita kumi, na shambani kuna mkanda wa udongo mbaya wenye upana wa mita nne, unaweza kupita pembeni yake na usijue kama upo. Lazima sampuli zikaribiane zaidi kuliko kitu unachotafuta. Nyquist mwaka 1928, na Shannon baada yake, waliliweka kwa hesabu: pima angalau mara mbili ya mtikisiko wa haraka zaidi uliomo.

Mwaka 1982 wataalamu wa shirika la kimataifa la mawasiliano walikubaliana mendo mmoja kwa dunia nzima: vipimo milioni 13.5 kwa sekunde. Walichagua namba hiyo kwa ujanja. Nchi zetu za mistari 625 zinapata vipimo 864 kamili kwa kila mstari, na Marekani na Japani za mistari 525 zinapata 858 kamili. Kwa pande zote mbili, vipimo vinavyobeba picha ni 720. Dunia ya mistari ilikuwa imegawanyika tangu mwanzo, lakini kwenye 720 walikutana. Hapo ndipo 720 kwa 576 ilizaliwa.

Shida ilikuwa uzito. Fanyeni hesabu: 720 mara 576, baiti mbili kwa kila pikseli, mara 25 kwa sekunde. Inatoka karibu mega 21 kwa sekunde, yaani karibu giga 75 kwa saa moja. Mwaka 1982 nani angekuwa na diski ya hivyo? Hata leo, mwanafunzi gani wa Bukavu?

*

Mwaka huohuo wa 1982 kitu kingine kilitoka, ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na televizyo: diski ya muziki, CD, ya Philips na Sony. Ili kupiga muziki, mashine ilisoma karibu megabiti 1.4 kila sekunde. Ni mwendo unaotosha kwa nyimbo. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1993, Philips, Sony, Matsushita na JVC walitaka kuweka filamu kwenye diski ileile, kwa mwendo uleule. Ile megabiti 1.4 ilibidi igawanywe: kilobiti 224 kwa sauti, 1150 kwa picha. Ndiyo VCD.

Mmeelewa sasa? Ile namba 1150 hakuna mtu aliyepima macho ya watu akasema inatosha. Ni mabaki. Ni kile kilichobaki kwenye mwendo wa diski ya muziki baada ya kutoa sauti. Na ili picha iingie katika hayo mabaki, waliikata: upana ukawa 352, urefu ukawa 288. Kutoka 576 mpaka 288 walikwenda namna gani? Nusu-picha moja kati ya mbili ilitupwa. Nusu ya mistari imeondoka, na nusu ya mwendo pia.

VCD ilitusaidia, sikatai. Ilileta filamu nyumbani kwa bei ya watu wa kawaida, katika nchi zetu na katika Asia. Lakini ilitengenezwa kwa filamu ambayo nakala yake nzuri iko salama mahali pengine. Haikutengenezwa kwa kasete iliyo moja tu duniani. Mimi nilichukua kikapu cha kwenda sokoni nikaweka ndani yake mbegu ya mwisho ya familia.

*

Bado swali la shangazi halijajibiwa kabisa. Macho yalikwenda wapi?

Mwaka 1974 Nasir Ahmed na wenzake wawili, Natarajan na Rao, walichapisha njia ya hesabu ambayo leo iko karibu kila mahali: katika picha za JPEG, katika VCD, katika DVD. Picha inagawanywa katika miraba midogo, pikseli 8 kwa 8. Kwa kila mraba, hesabu inatenganisha yale makubwa, kwa mfano mwanga wa jumla na kivuli kinachopita polepole, na yale madogo, kama ukingo wa miwani au nywele za nyusi. Nafasi ikikosekana, madogo yanatupwa kwanza. Mara nyingi jicho halioni tofauti.

Kwenye kasete, uso wa babu ulikuwa na urefu wa mistari kama 60. Baada ya mimi kukata mpaka 288, ilibaki 30. Upana wake ulibaki pikseli kama 20. Gawanyeni kwa nane: uso mzima wa mzee umebebwa na miraba kama kumi. Macho mawili na miwani vyote vimekaa katika safu moja ya miraba.

Na hapo debi ikamaliza kazi. Sisi tunalijua hilo neno kutoka somo la umwagiliaji: débit ya maji, lita ngapi kwa sekunde zinapita katika mfereji. Katika picha ni vilevile, biti ngapi kwa sekunde. Mtu mmoja anasoma habari mezani, nyuma yake ukuta hautembei: ni kama shamba dogo, maji kidogo yanatosha. Lakini ukumbi mzima ukisimama na kupiga mikono, kila kitu kinatembea kwa wakati mmoja, na kila mraba unalia kiu. Mfereji wangu ulikuwa na kilobiti 1150, basi. Kwa hiyo programu ilifanya ilichofundishwa: ikatupa madogo. Ile dakika wajumbe walisimama kwa furaha, ndiyo dakika picha ilipata njaa zaidi. Wakati mzee alikuwa amekaa kimya, labda angebaki na macho yake.

*

Najua mtaniambia: leo kuna akili bandia, peleka ile picha wakuongezee. Nilifanya. Mwaka jana rafiki mmoja alinisaidia na programu ya kukuza picha, na babu akatoka na macho mazuri, ngozi laini, miwani ya fremu nyembamba. Nikampelekea baba kwa simu. Alikaa kimya muda, kisha akajibu: "Huyu mutu ni muzuri. Lakini si baba yangu."

Alikuwa na haki. Programu ile haikurudisha kitu. Iliona nyuso nyingi za watu wengine ikakisia. Macho yale ni ya watu tusiowajua. Ukikata shina la muhogo ukalipanda, linaota tena, maana mmea wote umo ndani ya kipande. Picha haiko hivyo. Mstari uliotupwa umetupwa. Na kwa sisi tunaosoma historia hatari ni kubwa kuliko uso mmoja: ikiwa kumbukumbu za 1992 zitabaki kwa 352 na 288, kisha mashine ijaze mapengo, kesho watoto wetu watajuaje nani kweli alikuwa amesimama katika ukumbi ule?

*

Sitaki mwondoke bila kitu mkononi. Baba mukubwa alikuwa na kasete nyingine kumi na moja, na zile nimezifanya tangu 2023 kwa namna nyingine. Hivi ndivyo ninavyochagua sasa.

Kwanza, aina ya rangi. Kasete ya kwetu iliyorekodiwa kutoka tele, anza na SECAM. Picha ikitoka bila rangi, usiseme haraka kwamba kasete imekufa. Kulikuwa na namna mbili za kuandika SECAM kwenye VHS, ile ya Ufaransa na ile iitwayo MESECAM, na manyetoskopi ya namna moja inaonyesha kasete ya namna nyingine bila rangi. Tafuta mashine nyingine kabla ya kukata tamaa.

Pili, urefu. Usiguse 576. VHS inabeba mistari yote, hivyo kila mstari unaotoa ni hasara ya kweli. Na acha nusu-picha zote mbili kama zilivyo. Usiruhusu programu iziunganishe wakati wa kurekodi. Kuziunganisha kunaweza kufanyika baadaye kwenye nakala. Kuzigawa tena hakuwezekani.

Tatu, upana. Hapa, ajabu, unaweza kupunguza. VHS inabeba mtikisiko wa karibu megahezi 3 tu, na sehemu inayoonekana ya mstari inadumu maikrosekunde 52. Kwa kanuni ile ya Nyquist, vipimo 312 vinatosha. Kwa hiyo 352 kwa upana si mbaya kwa kasete. Ukikosa nafasi kabisa, 352 kwa 576 ni njia ya katikati yenye heshima, na DVD inaikubali. Lakini ukirekodi moja kwa moja kutoka antena, ishara ni pana karibu mara mbili, chukua 720. Oneni basi: kosa langu la 2017 halikuwa 352. Lilikuwa 288, pamoja na 1150.

Nne, debi. Kwa 720 kwa 576 katika mfumo wa DVD, weka megabiti 8 kwa sekunde. Saa moja inakula giga 3.6. Kwa 352 kwa 576, megabiti 4 zinafaa, giga 1.8 kwa saa. Na kwa kasete isiyo na ndugu, kama ile ya babu, mimi leo narekodi kwanza bila kupoteza kitu, kwa njia kama FFV1, ambayo watunza arkive wanaitumia. Inakula karibu giga 30 au 40 kwa saa. Ni nyingi. Tulichanga watu wanne tukanunua diski moja ya tera, tunapeana zamu. Nakala nyepesi ya kutuma kwa simu inatoka kwenye ile nzito. Nzito haitoki kamwe kwenye nyepesi.

Tano, na hii haina namba: usiseme "imeisha". Kasete iwekwe mahali pakavu, isimame wima, hata baada ya kurekodiwa.

*

Mkutano wa Geneva wa 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa televizyo ya zamani hewani katika sehemu yetu ya dunia, na nchi nyingi zilichelewa. Lakini kasete hazichelewi. Zinazeeka kila msimu wa mvua, na manyetoskopi nzuri zinapungua. Mafundi wanaojua kusafisha vichwa vyake ni wazee sasa. Nenda ukawaone kabla hawajafunga meza.

Katika zile kasete kumi na moja bado sijamwona babu tena. Nimebakiza mbili. Moja imeandikwa kwa kalamu ya baba mukubwa, "CNS, mwisho", na ina ukungu pembeni. Naikausha polepole kabla ya kuiweka kwenye mashine. Nimeshaweka kila kitu tayari: SECAM, 720 kwa 576, bila kupoteza kitu. Shangazi ananipigia simu kila juma kuuliza imefika wapi.

Ulizeni nyumbani kwenu kama kuna sanduku. Na mkilipata, kabla ya kubonyeza kitufe, someni menyu yote.